Mlango Unalindwa, Ukuta Haulindwi: Kusoma Majengo ya Kale ya Dar es Salaam

Pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine Drive, mkabala na bandari, lipo jumba la ghorofa ambalo wengi huliita Old Boma na wengine Boma la Kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene kiasi kwamba ukikaa kwenye dirisha unapata nafasi kama ya benchi, na milango yake ni ya mbao za nakshi kwa mtindo wa Zanzibar. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa ajili ya wageni wake. Sasa chukua Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 uisome ukiwa umesimama mbele ya jumba hilo. Sheria inasema mlango wa mbao au fremu yake, ikiwa umechongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940, ni kitu kinacholindwa. Jengo lenyewe, ili lihesabiwe kuwa la kale bila ya mtu kulitangaza, sharti liwe limejengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo mlango una kinga tangu siku sheria ilipoanza kutumika, lakini ukuta ulioushikilia mlango huo umechelewa kama miaka mitatu.

Naanza na jambo hili kwa sababu mazungumzo kuhusu majengo ya kale ya Dar es Salaam huishia haraka kwenye lawama: kwamba watu wa jiji hili hawathamini historia, kwamba wenye fedha wanapenda vioo, kwamba serikali imelala. Lawama hizo huenda zina ukweli ndani yake, lakini hazielezi kwa nini jumba moja limesimama miaka 150 na jirani yake limeondoka kwa wiki mbili. Anayetaka kuelewa hilo itambidi afuatilie maswali matatu kwa kila jengo: lilijengwa mtaa gani na kwa kanuni zipi, limekuwa mikononi mwa nani, na sheria inalipa umri gani. Majibu ya maswali hayo hayalingani, na hapo ndipo jambo zima linapotatizika.

Tarehe ya 1863 haikutungwa kwa kuikusudia Dar es Salaam. Kwa pwani yetu inafaa vizuri sana: inaukumbuka msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya Kunduchi, ambako sahani za kauri kutoka ng'ambo zilipachikwa kwenye kuta za makaburi, na inayakumbuka magofu ya Kaole kule Bagamoyo. Bahati mbaya ni kwamba mji ambao baadaye ulikuwa mkubwa kuliko yote ulianza kujengwa muda huohuo sheria ilipochora mstari. Kabla ya hapo palikuwa na Mzizima, kijiji cha Washomvi na Wazaramo kando ya maji. Majid alivutiwa na bandari yake, ambayo ni ya kina na imejificha nyuma ya mlango mwembamba wa bahari, akaamua katika miaka ya 1860 kujenga mji mpya wa mawe. Alifariki mwaka 1870 kabla kazi haijaisha, na ndugu yake Barghash, aliyerithi kiti, hakuwa na haja na mradi huo. Majumba yakaachwa yakabomoka, na sehemu kubwa ya mji wa Majid ikageuka mawe ya kujengea nyumba nyingine.

Yaliyobaki yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mbali na Old Boma, lipo jumba la Atiman, hatua chache kutoka hapo kwenye Sokoine Drive, ambalo nalo ni la miaka ya 1860 na linasemwa kuwa lilijengwa kwa ajili ya wanawake wa nyumba ya Sultani. Mapadri wa Afrika, wale wanaoitwa White Fathers kwa kanzu zao nyeupe, walilinunua mwaka 1922. Jina la sasa linamkumbuka Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu 1889 hadi kifo chake mwaka 1956. Ni jambo la kutafakari kwamba nyumba ya sultani wa dola iliyotajirika kwa karafuu na biashara ya watumwa imeishia kubeba jina la mtu aliyewahi kuwa mtumwa.

Ukipata ruhusa ya kuingia katika majumba ya aina hii, angalia dari kabla ya kitu kingine chochote. Utaona boriti za mikoko zimelazwa kwa kukaribiana kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito huo ikiwa ndefu sana, kwa hiyo chumba cha namna hii hupata upana wa mita tatu hivi tu, huku urefu wake ukiweza kuwa wowote. Ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni vyembamba na virefu kama behewa. Fundi hakuchagua umbo hilo kwa kupenda. Alipangiwa na mti.

Wajerumani walikuta mji huo uliolala. Kampuni yao ilifungua kituo mwaka 1887, na mwaka 1891 serikali ya kikoloni ikahamisha makao makuu yake kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo ikatolewa kanuni ya ujenzi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hati muhimu kuliko zote katika historia ya sura ya jiji hili. Mji uligawanywa katika kanda. Katika kanda ya kwanza, upande wa mashariki penye upepo wa bahari, ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Katika ya pili, nyumba za vifaa vya kudumu. Na katika ya tatu, upande wa magharibi, ndiko nyumba za miti na udongo zilikokubaliwa. Kanuni ilizungumzia vifaa na mitindo ya ujenzi, ikawaachia watu wajigawe wenyewe kulingana na mifuko yao, jambo ambalo kila mmoja alijua litaishaje. Waingereza waliutwaa mji mwezi Septemba 1916, na katika miaka ya 1920 wakaupokea mpango huo wa kanda tatu na kuuimarisha. Wenyeji hawakuhitaji ramani. Walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mpaka leo mzee wa mjini akikuelekeza kwa maneno hayo utafika.

Uzunguni ndiko kulikobaki majengo mengi zaidi ya Kijerumani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu, ni la miaka hiyohiyo. Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa 1897 kwa ajili ya Wazungu. Na bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa 1893. Ikulu ya Dar es Salaam tunayoiona leo si ile ya gavana wa Kijerumani, kwa kuwa jumba hilo lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914, na lililojengwa juu ya mabaki yake ni la 1922. Wakati Wazungu wakipata hospitali penye upepo wa bahari, hospitali ya watu wengine wote ilitokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Jengo lake la awali halipo, ila mgonjwa anayelazwa leo katika jengo la Sewahaji pale Muhimbili analitaja jina lake bila kujua kwamba anasoma historia.

Kwa nini majengo haya ya Uzunguni yamedumu? Jibu jepesi ni kwamba yalijengwa vizuri. Jibu la kweli zaidi, nadhani, ni kwamba dola haikuyaacha: Mjerumani alimwachia Mwingereza, Mwingereza akaiachia serikali ya Tanganyika, na katika kila zamu wizara au hospitali iliendelea kufanya kazi ndani ya kuta zilezile zenye veranda pana. Jengo lililo na ofisi ndani yake hupakwa rangi, na paa lake likivuja mtu huandika barua. Ndiyo maana kuhamia Dodoma, kulikoamuliwa 1973 na kutekelezwa kwa kasi tangu 2016, ni tukio kubwa kwa majengo haya kuliko watu wanavyodhani, kwani makazi ya serikali ndiyo yaliyokuwa hifadhi yao.

Uhindini mambo yalikwenda kinyume. Pita Mtaa wa Jamhuri, Zanaki, Indira Gandhi au Libya asubuhi ya Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa na njia ikiwa na nafasi ya kusimama, kisha inua macho juu ya vibao vya matangazo. Utaona pembe zilizoviringishwa, roshani za saruji, mistari ya kulala iliyochorwa ukutani kwa mtindo wa miaka ya 1930, na kileleni, katika kipande cha ukuta kilichoinuliwa kama taji, jina la familia au la mke na mwaka jengo lilipokamilika. Duka lilikuwa chini, familia juu, ghala nyuma. Hili ndilo tabaka la historia ambalo jiji linaliandika lenyewe kwa tarakimu juu ya mlango, na ndilo linalopotea upesi kuliko mengine.

Chanzo cha upotevu huo tunakipata katika Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971. Serikali ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, katika juhudi za Azimio la Arusha za kuondoa unyonyaji wa kodi za nyumba. Fidia ilikuwapo, lakini ilipungua kadiri jengo lilivyokuwa na umri, na jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa kitu. Msomaji azipime tarehe mbili hizi pamoja: kwa sheria ya 1964 jumba la 1935 lilikuwa changa mno kuhifadhiwa, na kwa sheria ya 1971 jumba hilohilo lilikuwa kuukuu mno kulipiwa. Walioathirika zaidi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi waliondoka nchini miaka iliyofuata. Majengo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na kwa miaka mingi neno "nyumba ya Msajili" lilitosha kueleza aina fulani ya maisha: kodi ndogo, ngazi ya giza, bomba linalovuja, na mpangaji asiyehama kwa sababu hapati pa bei hiyo kwingine. Mwenye kujenga kwa jina lake hayupo, mpangaji hana sababu ya kutengeneza mali isiyo yake, na Msajili ana majengo mengi kuliko mafundi.

Mwaka 1990 majengo hayo yaliunganishwa na yale ya Shirika la Nyumba la Taifa. Uchumi ulikuwa umefunguliwa, na hesabu ikabadilika. Kiwanja katikati ya jiji kilicho na nyumba ya ghorofa mbili kinaweza kubeba ghorofa kumi na tano, na shirika lenye kiwanja lakini lisilo na fedha likiingia ubia na mwenye fedha, nyumba ya zamani ndiyo kitu pekee kilichosimama kati yao na faida. Sitaki kuwachora wabia hao kama wahuni. Jiji lililokua kutoka watu laki chache wakati wa uhuru hadi mamilioni linahitaji nafasi, na nyumba nyingi za Msajili zilikuwa zimefikia hatua ya kuhatarisha wakazi wake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetaka kubomoa alikuwa na sheria, mkopo na mchoro, na mtu aliyetaka kuhifadhi alikuwa na picha. Jengo la Salamander, kwenye Samora, ambalo vizazi viwili vya watu wa mjini vilipeana miadi hapo, lilibomolewa licha ya malalamiko ya wasanifu na wapenda historia, na tangu hapo jina lake hutajwa kila jengo jingine linapozungushiwa mabati.

Hapo Samora pia ndipo unapoweza kuona jinsi kumbukumbu inavyobadilishwa bila kubomoa mtaa. Wajerumani waliiita njia hiyo kwa jina la mikakaya, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, na baadaye ikapewa jina la Samora Machel. Ufuo wa bandari, uliokuwa Azania Front, ukawa Kivukoni Front, na kanisa limeendelea kubeba jina la njia ambayo haipo tena. Katikati ya Samora, mahali ambapo leo amesimama askari wa shaba aliyeelekeza bunduki yake bandarini, Wajerumani walikuwa wamesimamisha mwaka 1909 sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza waliing'oa, ikapelekwa Ulaya na kusimamishwa Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha katika miaka ya 1960. Sanamu ya Askari iliwekwa 1927, pamoja na zile za Nairobi na Mombasa, na maandishi yake, yaliyo kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawataja pia wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi.

Wapagazi hao ndio wanaotupeleka Kariakoo. Jina linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichowekewa kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji, kwenye ardhi ambayo Wajerumani walikuwa wameipima kwa mitaa iliyonyooka ili iwe mji wa Waafrika. Kati ya eneo hilo na Uhindini palisafishwa ukanda mtupu, Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya ya umma. Ukweli wake wa kila siku ulikuwa ni mpaka. Kwamba ukanda huohuo uliowekwa kutenganisha watu ndio uliokuja kuwa uwanja wa mikutano na wa Mnara wa Mwenge wa Uhuru, na kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 ng'ambo tu ya hapo, katika njia ya New Street inayoitwa leo Lumumba, ni jambo ambalo wapima ramani wa kikoloni hawakulipanga.

Kariakoo ilijengwa kwa nyumba ambayo haimo katika vitabu vingi vya watalii, nayo ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Mbele kuna baraza ya saruji inayotazama njia. Ukiingia, korido inakupeleka moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo na mti au kamba ya kuanikia. Kila chumba kinaweza kuwa na mpangaji wake, na mwenye nyumba, mara nyingi mama mtu mzima, huchukua chumba cha mbele ili aone anayeingia. Ni mashine ya makazi iliyosanifiwa na watu wasioitwa wasanifu, na ndiyo iliyompokea karibu kila mhamiaji wa jiji hili, Ilala, Magomeni, Temeke na kwingineko. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere Magomeni miaka ya 1950 imehifadhiwa kwa ajili yake mwenyewe. Zile zisizowahi kukaliwa na rais zinauzwa kwa bei ya kiwanja. Kwangu mimi, hili ndilo pengo kubwa zaidi katika hesabu yetu ya urithi, kwa sababu tunalilia jumba la ghorofa la Uhindini likianguka, lakini nyumba ya vyumba sita ikiondoka Mtaa wa Mkunguni tunasema tu kwamba Kariakoo inajengeka.

Kipimo cha ukale chenyewe kinazidi kuyumba tukifika Soko la Kariakoo. Jengo hilo lilisanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, likiwa na paa la vikombe vikubwa vya zege vilivyofunguka juu kama uyoga uliogeuzwa, ili wauzaji wapate kivuli na hewa, na maji ya mvua yakusanywe kushuka katika tangi chini ya ardhi. Lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, watu walihesabu kwanza mali, kisha wakaanza kuuliza juu ya paa, kama litaokolewa. Kwa sheria, soko hilo ni kijana asiye na haki ya kusikilizwa. Kwa watu wa Dar es Salaam ni la kale kuliko Old Boma, maana Old Boma walilipita wakienda kivukoni, na sokoni waliingia.

Njia ya kutoka ipo ndani ya sheria yenyewe. Waziri anaweza kulitangaza jengo lolote, hata la jana, kuwa la kuhifadhiwa, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Udhaifu wake ni kwamba ulinzi wa aina hiyo unasubiri mtu wa kuuomba na mtu wa kuusaini, ilhali kibali cha ujenzi kinasubiriwa na mtu anayelipa riba benki kila mwezi. Tena kutangaza hakutengenezi paa. Old Boma limepona kwa sababu lilipatiwa kazi: ndani yake kimewekwa kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji, chenye maonyesho ya wazi kwa yeyote.

Anayetaka kuyaona haya kwa miguu asianzie bandarini kama watalii wanavyofanya. Aanzie Kariakoo mapema, kabla ya mikokoteni kujaa njia, akae kwenye baraza moja akikaribishwa; avuke Mnazi Mmoja akiukumbuka upana wake; apite Jamhuri na Zanaki akisoma miaka iliyoandikwa juu ya milango; ashukie Samora kwa askari; kisha ateremke hadi Sokoine Drive. Kwa mwendo huo atakuwa amezivuka kanda zote tatu za 1891 kwa chini ya saa mbili, na atafika Old Boma jua likiwa limeanza kupanda, wakati ambapo mwanga unaingia kwa upande na nakshi za mlango zinaonekana ua moja moja, hadi kwenye kizingiti kinapoishia mbao na kuanza jiwe.